Bi Misumari na Sanduku la Mwimbaji

Walimwita Bi Misumari kwa sababu alifanya kazi huku amebana misumari midogo ya shaba mdomoni. Ukimsalimu, alikujibu kwa nyusi. Kazi yake ilikuwa kushona na kupigilia bitana, vitambaa vya ndani vya masanduku ya safari. Mbao, ngozi na vitasa vilikuwa vya mumewe, fundi aliyerithi ufundi kwa baba yake, tangu zama ambazo mifuniko ilikuwa na mgongo ili mvua iteleze. Baadaye wasafiri walitaka masanduku bapa, yapate kupangwa moja juu ya jingine melini.

Kisha macho ya fundi yakaanza kuzimika. Mwanzoni alisingizia taa. Siku aliyojikata kwa patasi, alivua aproni akaketi mlangoni.

"Tufunge karakana, mke wangu. Mimi ndiyo basi tena."

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," akajibu Bi Misumari. "Macho ninayo mimi. Wewe niazime ujuzi."

Haukupita muda, akaja mwimbaji mmoja, mama mwenye sauti ya kutikisa madirisha. Alitaka sanduku la kusimama wima, lifunguke kama kitabu: upande huu magauni yatundikwe, upande ule droo za viatu na mapambo. Bi Misumari akakubali kabla mumewe hajafungua kinywa.

Akaranda mbao, akazibandika turubai, akaloweka ngozi za pembeni mpaka zikalegea. Zile nusu mbili zilipokutana, fundi alipitisha kidole gumba ukingoni.

"Limekataa. Hapa pamevimba."

Bi Misumari akabomoa, akaanza upya. Kidole kikapita tena.

"Bado."

"Wewe ni mume wangu au mkaguzi?" akafoka, na misumari yote ikamtoka mdomoni, ikatapakaa sakafuni. Wakajikuta wote wawili wamepiga magoti wakiipapasa, vichwa vikagongana, wakacheka hadi machozi yakawatoka.

Alipolifunga mara ya tatu, lilijifunga taratibu, likasukuma hewa nje kama mtu anayeshusha pumzi.

"Umesikia?" fundi akanong'ona. "Hilo sasa ni sanduku."

Mwimbaji alipokuja kulichukua, alilifungua na kulifunga kama mtoto aliyepata kitu kipya. "Mzee, mikono yako haijazeeka!"

"Mimi siku hizi ni mpapasaji tu," fundi akasema. "Fundi ni huyu mama watoto."

 Bi Misumari akageuka kutafuta kitambaa cha kufutia meza iliyokwisha kufutwa.

Wapiga vyombo wa yule mwimbaji wakaanza kuja kuagiza masanduku yao, mmoja baada ya mwingine. Siku hizi mzee huchagua ngozi kwa vidole, mkewe hukata. Juzi walibishana kuhusu bitana: mzee alitaka nyekundu.

"Na utaionea wapi?"

"Nyekundu naijua tangu ujana wangu. Ndiyo uliyovaa siku niliyokuja kuposa."

Bi Misumari akanyanyua mkoba, akaenda kununua nyekundu.