Jembe Nyuma ya Kioo

Mwanangu, ipo Jumapili moja ya Kampala ambayo haijanitoka kichwani, ingawa sasa nimepita arobaini na miji niliyolala ni mingi. Ilikuwa miaka ya tisini, biashara zimefunguliwa, na vijana wengi wa Mwanza tulivuka ziwa kutafuta maisha. Mimi nilikuwa karani kwenye ghala la samaki. Siku za mapumziko nilitembea peke yangu, leo Mengo, kesho Katwe, nimevaa raba zangu za mtumba, nikijiona nimeimaliza dunia.

Wiki hiyo nilikuwa nimepokea barua ya dada yangu kutoka nyumbani, Buhongwa. Jembe la zamani lililokaa chini ya kitanda cha bibi limepotea. Bibi anasema amelichukua shangazi, ambaye alimkimbia mumewe wa Nansio na kurudi kwetu. Shangazi amekana, amefungasha vitu vyake, amehamia Igoma. Hawasemezani.

Nilicheka. Watu wazima wanagombania jembe lenye kutu! Nikajibu: nunueni jingine dukani. Sikuandika kwamba jembe nililiuza mimi kabla sijasafiri, pamoja na sufuria zilizotoboka, kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ndilo lililonipatia zile raba.

Basi Jumapili niliingia nyumba ya makumbusho. Nikapita ngoma, nikapita ngao, mpaka kwenye kabati moja la kioo. Ndani kulikuwa na jembe lisilo na mpini, na kibao kimeandikwa kwamba limetoka kusini mwa ziwa. Nikaduwaa. Lilifanana na letu kabisa.

Mlinzi, mzee wa makamo, alinisogelea. Nilipomwamkia kwa Kiswahili alinitazama juu hadi chini.

"Ssebo," akaniita bwana kwa Kiganda, "wewe ni askari?" Wakati ule, kule, Kiswahili kilikuwa lugha ya wanajeshi.

"Hapana, mzee. Natoka Mwanza. Hivi jembe la kulimia nalo linafungiwa kwenye kioo?"

"Unatoka Mwanza halafu unaniuliza mimi?" Akacheka mpaka akakohoa. "Hili halilimi. Hili linaoa. Linatangulia ng'ombe wa mahari. Likirudishwa kwa mume, ndoa imekufa."

Kumbe bibi hakulilia chuma. Alidhani binti yake amelirudisha kwa mumewe na kuivunja ndoa kwa siri, nyuma ya mgongo wa wazazi. Nilitoka nje nisijue niendako. Nilipita soko lilelile mara tatu. Mji niliojidai naujua ulinipotea wote. Ninyamaze? Nani angejua? Lakini kila nilipoinamisha kichwa, naziona raba.

Wiki iliyofuata nikapanda meli.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo?"

Nikamweleza yote. Aliendelea kuchambua mchicha wake. Kisha akauliza, "Na viatu vyenyewe viko wapi?"

"Hivi hapa, nimevaa."

"Vua. Nenda Igoma kamwambie shangazi yako, kwa mdomo wako na kwa miguu yako."

Nilikwenda pekupeku, jua kali, watoto wananicheka njia nzima. Shangazi alinisikiliza amejishika kiuno. "Kwa hiyo mama amenipa talaka kwa sababu ya raba zako?" Akacheka, halafu akalia, halafu akaniletea maji ya kunawa miguu. Kesho yake alfajiri alikuwa mlangoni kwa bibi, amepiga magoti. Bibi alimshika mkono, akamwingiza ndani, akamwonyesha raba zangu chini ya kitanda, palepale pa jembe.

"Zitakaa hapo," akasema. Mpaka leo sijui kama alitania. Zilikaa mpaka alipofariki, na shangazi hakwenda tena Nansio wala hakuitwa mtalaka, maana jembe halikurudi kwa mume. Jembe lenyewe sikulipata tena.

Mwanangu, tembea. Mimi mwenyewe miguu bado inaniwasha. Lakini kabla hujaondoka, kaa na wazee uwaulize kila kitu kilicho chini ya vitanda vyao kina kazi gani. Usiuze usichokijua. Na kosa lako likimwangukia mwingine, usitume barua. Rudi ukaseme mwenyewe. Mungu akufikishe kila mji unaoutamani, na siku ya kurudi akukutanishe na wako wakiwa bado wanasemezana.