Futi ya Mama na Tumbo la Rehema

Ngoja nikiri mapema: nilipokuwa na miaka kumi, nilimpima mdogo wangu tumbo kwa futi ya mama, nikautangazia mtaa mzima kwamba amemeza mbegu ya tikiti. Hadi leo, kidato cha tatu na ndevu zangu tatu, nikinusa kitenge kipya nashikwa na aibu.

Mama alikuwa anashona barazani, Kariakoo. Futi yake ya njano ilinuka kitenge na mafuta ya cherehani. Rehema, miaka saba, mwembamba kama sindano, alianza kutoa kitumbo. Majirani wakasema minyoo, akanyweshwa dawa. Tumbo likazidi. Mimi kila Jumamosi nampima, naandika nyuma ya daftari la hisabati, halafu nawasomea washkaji kama matokeo ya mpira.

"Kaka, linauma upande huu," aliniambia siku moja.

"Tikiti linageuka hilo!"

Washkaji wakavunjika mbavu. Naye akacheka, kidogo.

Alipoanza kutapika, mama alifunika cherehani, tukaenda hospitali wote watatu, mimi bado na begi la shule. Daktari alimbonyeza Rehema taratibu, akauliza, "Limeanza kukua lini?"

Mama, anayepima viuno vya watu kutwa, akaanza kuhesabu wiki kwa vidole. Nikatoa daftari. Daktari alisoma namba zote, wiki baada ya wiki, mpaka kichwa cha habari: TIKITI FC. Hakucheka. Akaagiza ultrasaundi, palepale.

Ulikuwa uvimbe kwenye ovari, kile kifuko cha mayai ya uzazi. Jamani, mimi nilidhani hivyo vitu mtu anapewa akishakuwa mkubwa! Walimpasua, wakautoa pamoja na ovari yenyewe, ukapelekwa maabara kuangaliwa kama ni saratani. Siku zile za kungoja sikumtania mtu, hata paka. Majibu yakaja: si saratani, ila awe anarudi kliniki.

Nimekuja kuelewa baadaye sana. Wiki zote zile ushahidi nilikuwa nao mkononi, nikautumia kuchekeshea watu.

Kidonda kilipopona, mama alivua futi shingoni, ile niliyojua sitaigusa tena maishani, akaniwekea kiganjani.

"Kila Jumamosi, kama kawaida yako," alisema. "Ila likizidi hata nusu inchi, uniambie mimi kabla ya hao washkaji zako."