Candiru, fundi anayekutanisha kompyuta za Koboko na Arua

Saa tatu kasoro asubuhi, Candiru Kevina amepiga magoti chini ya meza katika kituo binafsi cha afya, pembezoni mwa mji wa Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Mkono mmoja umeshika waya, mwingine tochi. Pembeni yake, mkunga Natalina anatelezesha kifaa cha ultrasaundi juu ya tumbo la mama mjamzito.

"Dokta, unaona?" anauliza Natalina.

Sauti inatoka kwenye kompyuta. Mwenye sauti yuko Arua, zaidi ya kilomita hamsini kutoka hapa. "Naona. Rudi kushoto kidogo. Simama hapo hapo."

Candiru anatoka chini ya meza, anapangusa vumbi magotini na kutazama skrini. Mtoto anacheza tumboni, na picha haikwami. Candiru anaanza kukusanya vifaa vyake.

Kazi yake ndiyo hiyo: kuzifanya kompyuta mbili zilizo mbali zizungumze zenyewe kwa zenyewe, bila picha za wagonjwa kupitia mikononi mwa mtu wa tatu. Kusema ni rahisi. Kutenda kulimtoa jasho kwa miezi minne.

Candiru, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, ni mzaliwa wa Logiri, binti wa mkulima wa muhogo. Alisomea umeme katika chuo cha ufundi, kisha akafungua meza ya kutengeneza simu mjini Arua. Mambo ya mtandao alijifundisha mwenyewe, kwa kompyuta kuukuu ambayo mteja aliileta na hakurudi kuichukua. Wiki ikiwa nzuri hupata kama shilingi laki moja. Ikiwa mbaya, nusu ya hapo.

Miaka miwili iliyopita aliitwa katika kituo hicho cha Koboko kutengeneza printa. Kwenye benchi alimkuta mama aliyekuwa akisubiri tangu jana yake. Picha za tumbo lake zilikuwa zimetiwa kwenye flashi, nayo akapewa dereva wa teksi aipeleke kwa Daktari Okuonzi, bingwa wa uzazi mjini Arua. Flashi ilifika, lakini haikufunguka.

"Ule mama alikuwa anauliza tu, 'Mtoto iko hai?' Hakuna mutu alikuwa na jibu," anakumbuka Candiru.

Jibu lilikuja siku ya tatu, picha zilipopelekwa tena kwa flashi nyingine. Mtoto alikuwa hai. Lakini siku tatu za kutojua, anasema Candiru, hakuna wa kumrudishia yule mama. "Mimi nilitengeneza printa, nikarudi Arua. Usingizi ilikataa."

Natalina, aliyekuja Uganda kama mkimbizi kutoka Sudan Kusini, alikwisha kujaribu kutuma picha kwa simu. Zilifika zimefifia. Isitoshe, daktari alitaka kuona kifaa kikitembea, aweze kusema kiende wapi.

Candiru alipojaribu kuziunganisha kompyuta hizo mbili moja kwa moja, aligonga mwamba.

"Intaneti ya hapa iko kama nyumba kubwa ya kupanga," anaeleza. "Wapangaji mingi, geti moja. Mpangaji akitoka kuita mutu, askari wa geti anakumbuka, jibu likikuja anapitisha. Lakini mgeni akija tu, hakuna mutu alimuita, askari anafukuza yeye."

Koboko ilikuwa nyuma ya geti la namna hiyo, na Arua vilevile. Kila upande ulimsubiri mwenzake aje, na kila aliyekuja alifukuzwa. Juu ya hayo, kompyuta ya daktari ilikuwa na programu ya ulinzi iliyozuia kila kitu isichokijua.

Baada ya kusoma na kuharibu sana, alipata njia. Alikodi kompyuta ndogo iliyoko Kampala, nje ya mageti yote, kazi yake iwe kutambulisha tu. Koboko inatoka na kuisalimu; Arua inatoka na kuisalimu. Yenyewe inamwambia kila mmoja mwenzake ametokea mlango gani. Kisha wote wawili wanaitana kwa wakati mmoja. Kila askari, akiona mpangaji wake ndiye aliyetangulia kuita, anaruhusu sauti ya upande wa pili iingie.

"Wakishasikilizana, ule wa Kampala anakaa pembeni. Hapana ona picha hata moja," anasema.

Siku ya kwanza ilifanya kazi asubuhi nzima. Ilipofika saa nane mchana, ikakatika. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Wiki tatu zikapita, asubuhi raha, alasiri karaha.

Daktari Okuonzi hafichi kwamba alichoka. "Nilimwambia, binti yangu, tuache. Wagonjwa iko mingi, mimi hapana weza kukaa na kompyuta inakufa kila siku. Akanijibu, 'Dokta, nipe siku moja tu.'"

Siku hiyo Candiru aliketi karibu na modemu ya Koboko kuanzia asubuhi hadi jioni, daftari mapajani. Kila robo saa aliandika jina la mtandao ambao modemu ilikuwa imeushika. Asubuhi yote, Uganda. Saa nane, watu walipojaa kwenye laini na mnara wa karibu ukalemewa, modemu ilihamia mnara wa ng'ambo, upande wa Congo. Mtandao mwingine, geti jingine, askari asiyejua lolote.

Hakuna aliyelifikiria hilo. Koboko iko pale zinapokutana nchi tatu, na watu wake wamezoea simu zinazowakaribisha katika nchi ambazo hawajakwenda.

Candiru aliiamuru modemu isishike mtandao wa nje. Akasimamisha antena kwenye mlingoti, ikielekea mnara wa mjini. Kisha akazipanga kompyuta ili mlango ukibadilika, zirudi zenyewe Kampala kutambulishwa upya. Alasiri ile haikukatika, wala iliyofuata.

Mwezi wa tano mwaka huu, saa tisa alasiri, alifika kituoni Linda Tongun, mfanyabiashara wa sabuni mpakani Oraba. Mimba ilikuwa ya miezi minane. Alikuwa ametokwa na damu kidogo bila maumivu, naye alitaka vidonge tu arudi kwenye biashara.

Natalina alimlaza na kumwita daktari kwenye kompyuta. Picha ilipotulia, Okuonzi alimwambia Natalina ashushe kifaa chini kidogo.

"Kondo la nyuma limeziba njia ya mtoto," alisema. "Asirudi Oraba. Asipande boda. Mleteni Arua leo."

Zilikuwa zimepita dakika kumi na moja tangu Linda alale kitandani. Jioni hiyo alifanyiwa upasuaji. Mtoto wa kike, kilo mbili na nusu. Angesubiri flashi, anasema daktari, uchungu ungeweza kumkuta njiani, na damu ile isingezuilika.

Candiru alikuwa mezani kwake Arua akibadilisha kioo cha simu. Hakujua lolote mpaka wiki tatu baadaye, Linda alipomtokea na mtoto mgongoni na boksi zima la sabuni.

"Nilimwambia, dada, mimi hapana daktari," anasimulia Candiru. "Akasema, daktari alishapata yake."

Sasa vituo viwili vingine vimemwomba, kimoja Oraba na kingine kwao Logiri, ambako wiki ijayo anakwenda kupima nguvu ya mtandao. Lakini linalomshughulisha zaidi ni daftari analoliandika kwa Kiswahili na Kilugbara, lenye michoro ya geti na askari, ili wakunga wajifunze kazi hii. Mwezi uliopita Natalina alifunga modemu mpya peke yake. Candiru alikaa kwenye benchi, mikono ameikalia asije akaigusa.

"Siku moja mimi pia nitalala juu ya kile kitanda na tumbo kubwa," anasema. "Hiyo siku sitaki kusikia mutu anasema, muite Candiru."