Tabasamu Lililopewa Tuzo

Mpwa wangu alitunukiwa tuzo ya mwigizaji bora akiwa chini ya ardhi karibu mwaka mzima. Habari zilinifikia kwa simu nikiwa nakuna nazi, nikaendelea kukuna mpaka nikajikuna kidole. Watu wa Mwabungo walikuja kunipa mkono, wakasema Mwenyezi Mungu amemwinua marehemu, nami nikawaitikia amin. Moyoni nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba niliogopa kufungua kinywa kwa neno lolote zaidi ya hilo.

Mama yake ni dada yangu. Mama zetu walizaliwa tumbo moja, na kwetu sisi Wadigo hao ni kaka na dada, hatutafuti jina jingine. Kwa hiyo mimi ni mjomba wake, na mjomba kwetu si mtu wa kuletewa salamu za Idi tu. Baba anaweza kusema nenda, mjomba akasema simama, na kijana akasimama. Nilikuwa na sauti hiyo kwake tangu alipokuwa anakimbia bila suruali.

Kazi yangu ilikuwa upishi. Nimepika katika hoteli moja ya Diani miaka mingi, hadi walipopunguza watu nami nikapunguzwa. Kando ya hiyo, tangu ujanani nimekuwa mmoja wa waosha maiti wa msikiti wetu. Ni kazi isiyo na ujira wala sifa, na ina sharti moja kubwa: unayoyaona juu ya kitanda cha kuoshea unayaacha hapo hapo. Uwe umeona kovu, kilema au chochote, unakisitiri, na ukiulizwa unasema Mungu amrehemu.

Watu wa filamu walinitafuta kwa ajili ya kazi hiyo ya pili. Walikuwa wamepanga nyumba Galu na kila asubuhi wakienda Gazi kupiga picha kwenye mikoko. Mpwa wangu ndiye aliyekuwa mhusika wao mkuu. Alianza kuigiza shuleni, akachekesha watalii mahotelini, akapewa vijisehemu vya kufungua mlango na kusema karibu bosi, na sasa kwa mara ya kwanza alikuwa amepewa filamu nzima aibebe. Alikuwa mlinzi wa mikoko ambaye nduguye ameuza shamba la urithi. Mwishoni anamsamehe ndugu yake, kisha anakufa na kuoshwa. Walitaka ule uoshaji usiwe na makosa ya dini, na yeye akawaambia, "Muiteni mjomba wangu."

Kwa watu wa filamu, mwisho unaweza kutangulia. Walimuua kwanza, wakamwosha, ndipo wakamfufua aje kugombana na nduguye. Siku ya kumwosha niliwaelekeza waigizaji wawili namna ya kuanza upande wa kulia, namna ya kumwaga maji bila kuyatupa. Mwongozaji akanitazama kidogo, akasema mikono yangu ni mizuri zaidi, nioshe mwenyewe. Mikono mnayoiona kwenye filamu ile ni yangu. Nakiri nilifurahi. Jioni ile niliitazama nyumbani kama mtu aliyenunua saa mpya.

Nilipouinua mguu wake wa kulia niliona tundu kwenye wayo. Dogo, kingo zake nyeusi. Nilimuuliza kwa kunong'ona ni nini, naye maiti akafungua jicho moja.

"Msumari, mjomba. Juzi, kwenye kile kibanda cha Gazi."

"Umechomwa sindano?"

"Nitakwenda tukimaliza."

Mwongozaji akatuomba tunyamaze, na mpwa wangu akafunga jicho, akafa tena. Sindano ya kukinga jeraha kama lile hudungwa zahanati, na zahanati ilikuwa mwendo wa dakika chache kutoka ile nyumba. Nilimkumbusha kesho yake, akaniambia leo tuna kazi nyingi mjomba, nami nikamwacha. Sikumwambia simama. Nilikuwa nakunywa chai na watu wa Nairobi, naitwa mshauri, na sikutaka kuwa yule mzee wa kijijini anayewaharibia watu shughuli.

Baada ya kama wiki moja ikafika siku ya mwisho, siku ya kumsamehe ndugu. Pilau ya mchana ililetwa ikiwa alasiri. Mpishi huangalia sahani zinazorudi kuliko zinazokwenda, na sahani yake ilirudi ilivyokwenda. Nikamkuta kando, anachovya kipande cha chapati kwenye chai na kukifyonza.

"Vipi?"

"Gego, mjomba. Taya limekaza kidogo."

Alisema hivyo meno yake yakiwa yamegusana. Nilipomwita atazame upande wangu, hakugeuza shingo, aligeuka mwili mzima. Uso wake ulikuwa umevutwa kwenye pembe za mdomo, nyusi ziko juu, kama mtu aliyeambiwa kichekesho asichokipenda. Nilijua. Wengi husema nilihisi, ili wajipunguzie mzigo. Mimi nilijua, kwa sababu nikiwa kijana nilimwona mkata mikoko mmoja wa Bodo akifa kwa pepopunda, na pepopunda humchekesha mgonjwa bila yeye kutaka.

Nikamwendea msichana aliyekuwa anashika ratiba. Nikamwambia kijana huyu ni mgonjwa, apelekwe hospitali sasa hivi.

"Sawa mzee, hata mimi nimeona hako sawa," akasema. "Lakini tuko na mwanga wa saa moja tu. Akimaliza hii sini tunampeleka."

Nikasema sawa. Neno moja. Kisha nikarudi kusimama mahali pangu nitazame.

Alikuwa ameandikiwa maneno mengi kwenye skripti, ukurasa mzima wa kumlaumu ndugu yake kabla ya kumsamehe. Hakuweza kuyatoa. Alisimama mlangoni wima kama mlingoti, jasho linamtoka, ule uso wa kucheka umemganda, akasema kupitia meno: "Nimekusamehe, ndugu." Basi. Mwongozaji aliyekuwa ameinama kwenye kioo chake cha kutazamia picha akanyoosha mkono kila mtu anyamaze. Alipomaliza walipiga makofi, wengine wakafuta machozi, wakamkumbatia, naye hakukunjika. Halafu zikaja picha za kuagana. Hospitali alipelekwa asubuhi yake. Madaktari walihangaika naye, na siku ya nne akafariki.

Tulimwosha watatu. Niliyoyaona juu ya kitanda kile siyasemi, hata hapa. Haya ninayosema niliyaona akiwa hai, na tofauti hiyo nilijifanya siijui kwa mwaka mzima. Kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba mwosha hasemi, na watu wakanisifu kwa adabu yangu.

Watu wa filamu walikuja matangani na sanduku la soda. Walimwambia dada yangu kwamba mwanawe aliwaficha maradhi, kwamba yalimpanda ghafla baada ya kazi kwisha, na kwamba siku ya mwisho alikuwa mzima kabisa, amemaliza akicheka. Dada aliishika kauli hiyo. Kila aliyekuja kumpa pole alimwambia, "Alhamdulillahi, mwanangu alimaliza kazi yake akicheka." Aliwaambia jirani, mwalimu wa madrasa, mwuza samaki. Nilikuwa nimekaa pale pale mkekani nikisikia. Ningeweza kumwambia, na kumwambia kungekuwa kumnyang'anya kitu pekee alichobaki nacho. Hiyo ndiyo sababu nzuri. Sababu ya pili ni kwamba angeniuliza mimi nilifanya nini.

Wahenga walisema kufa kufaana, na sikupata kuiona maana yake waziwazi kama mwaka ule. Akiwa hai hakuna aliyeijua filamu hiyo. Alipokufa ikawa filamu yake ya mwisho, ikazunguka huku na huko, ikaandikwa. Kile kipande cha mlangoni kilikatwa kikaingia kwenye simu za watu. Waendesha bodaboda wa Ukunda wanacho. Waliandika kwamba amegundua namna mpya ya kuonyesha uchungu, kwamba alithubutu kutupa ukurasa mzima wa maneno akabakiza mawili. Mwongozaji aliulizwa redioni kuhusu ukimya ule, akasema waliuamua pamoja.

Mimi nami nina maoni yangu ya filamu ile, ingawa sikuulizwa na gazeti. Kuna mahali, mapema sana, anamenya muhogo huku nduguye anamdanganya kuhusu hati ya shamba. Anaendelea kumenya. Kisu kinapunguza mwendo, kinasimama, kisha kinaendelea, na wewe unajua kwamba ameshajua. Yule kijana hakuwahi kumenya muhogo maishani mwake. Mama yake alimdekeza. Alikuja kwangu siku tatu mfululizo nimfundishe kushika kisu. Pale ndipo alipoigiza. Lilikuwa jambo dogo, la akili, limefanywa na mtu mzima wa afya aliyeijua kazi yake, na sijasikia mtu hata mmoja akilitaja. Walimpa tuzo kwa ugonjwa wake, kazi yake wakaiacha kwenye maganda ya muhogo.

Tuzo ilipokwisha kutolewa Nairobi, wakaamua kuileta Diani wamkabidhi mama. Ilikuwa alasiri, kwenye ukumbi wa mikutano wa hoteli ile ile niliyoipikia. Nilipita mlango wa mbele kwa mara ya kwanza. Wakafunga mapazia. Dada yangu alikuwa hajaiona filamu. Waliketi yeye na wanawake wawili wa nyumbani safu ya mbele, mimi nikaketishwa pembeni pamoja na wageni wa heshima.

Kwenye muhogo alicheka, nilimsikia. Kwenye kuoshwa, sehemu ambayo katika kuunga filamu waliitanguliza kabla ya msamaha, alijifunika uso kwa mtandio, na mwenzake akamshika bega. Kisha ukaja mlango. Uso wa mwanawe ulijaa ukuta mzima, na tabasamu lile. Hakujifunika. Alisogea mbele kidogo kwenye kiti, akakaa hivyo mpaka taa zikawashwa.

Jaji mmoja aliyetoka Nairobi alipanda jukwaani kutueleza tulichokiona. Alikuwa mtu mpole, hana ubaya, na hilo lilinichoma zaidi. "Angalieni taya," alisema. "Mwigizaji wa kawaida angelia. Huyu alifunga taya, akatabasamu. Ni kipaji kinachokuja mara moja." Watu wakapiga makofi. Kisha yule msichana wa ratiba, ambaye sasa alikuwa amepanda cheo, akaniletea kipaza sauti.

"Mzee, wewe ni mjomba wake, na ulikuwa mshauri wetu. Uliuonaje uigizaji wake?"

Alinitazama machoni akiuliza, na sijui kama alikuwa amesahau au alikuwa ananiomba. Ukumbi ulinigeukia wote. Dada yangu naye aligeuka. Nilikuwa na maneno tayari, nimelala nayo mwaka mzima: yule hakuwa akiigiza, alikuwa akifa, na sisi tulimpigia makofi. Nilimtazama dada, nikaona mikono yake imetulia mapajani.

"Aliigiza vizuri," nikasema. "Mungu amrehemu."

Hiyo ndiyo hukumu yangu, imo kwenye rekodi. Wakapiga makofi tena. Dada akaitwa mbele, akapewa tuzo, kigae kizito cha kioo chenye jina la mwanawe. Akaipokea kwa mikono miwili na kusema ahsanteni, na hakuongeza neno, ingawa wao walikuwa wamemtayarishia la kusema.

Tulisubiri gari nje, kwenye kivuli cha ukuta. Wale wanawake wawili walikuwa wamekwenda kutafuta maji ya kunywa. Alikuwa ameipakata ile tuzo kama mtu aliyepakata mtoto wa jirani, kwa uangalifu, bila mapenzi. Nikataka kusema kitu kuhusu joto.

"Kaka," akaniwahi, sauti yake ya kawaida tu. "Kabla ya huyu nilizaa mwingine. Wewe ulikuwa kazini wakati ule, labda hukumbuki. Aliishi siku nane. Alikufa ananichekea hivyo hivyo."

Kisha akanigeukia.

"Siku ile ya mlangoni, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, dada."

"Ulikuwa umesimama wapi?"

Sikuwa na la kusitiri tena. Nikamwambia nilisimama nyuma ya kamera, mkono wa kushoto, hatua mbili tatu kutoka kwake.

Aliihamisha tuzo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, akatazama njia gari lilikotarajiwa kutokea.

"Pale mtu huona vizuri," akasema.