Utando Mweupe kwenye Kuni

Nilikuwa na miaka tisa, kwetu Sikuda, mama alipomzaa mdogo wangu Wafula. Watu wa kwetu walisema kuni yenye utando mweupe, ule unaoganda kwenye mti mkavu kama uji uliokauka, haiingii nyumba ya mama aliyejifungua. Ikiwaka, ngozi ya mtoto itaota magamba.

Siku moja nilitumwa kuni nikaona uvivu kwenda mbali. Nikachukua gogo lililokuwa karibu na kisima, nikakwangua utando wake kwa vidole mpaka ukucha wa gumba ukavunjika. Shangazi Nekesa, dada yake baba, ndiye aliyenifunga kitambaa.

"Umekwangua nini wewe?"

"Nimeanguka, shangazi."

Baada ya siku chache kichwa cha Wafula kikajaa magamba. Bibi, mama yao baba na shangazi, akageuza kuni jikoni, akaona utando upande wa chini wa lile gogo.

"Nani ameleta hii?"

"Shangazi," nikasema.

Shangazi alikuwa amerudishwa na mumewe kwa kukosa mtoto. Kila asubuhi alimletea mama kuni, kisha akambeba Wafula akimwita "bwana wangu". Asubuhi iliyofuata bibi alimzuia mlangoni.

"Wivu wako umeuleta mpaka jikoni? Huyu mtoto usimguse tena."

"Mama, mimi?"

Shangazi akanitazama, akatazama kitambaa kidoleni mwangu. Nikaficha mkono. Akatua mzigo wake wa kuni nje, akaenda. Magamba yaliisha yenyewe, lakini hakuna aliyemwita arudi kumbeba Wafula.

Mwaka huu nimejifungua, na kichwa cha mwanangu kikaota magamba yaleyale. Mimi napikia makaa, si kuni. Nesi alicheka tu: "Huwapata wengi. Paka mafuta."

Jioni hiyo shangazi akaja na kuni. Alisimama uani, akageuza kijiti kimoja kimoja mbele yangu.

"Angalia mwenyewe, mama. Hakuna nyeupe."

"Ingia, shangazi." Nikampa mtoto. "Ile kuni ya zamani..."

Alishika gumba langu, akapapasa ukucha uliopinda.

"Ukucha huu uliota vibaya," akasema, akamgeukia mtoto. "Bwana wangu."

Kumbe alijua tangu siku ile, akaninyamazia. Bibi alikufa akiniamini mimi. Mama bado ananiamini, na kila Jumapili namwona kanisani, nashindwa pa kuanzia kumwambia ukweli.