Muuzaji Aliyekataa Kukalia Kigoda

Mimi naitwa Mwantumu. Hapa Mugumu wananiita Mama Yassini, na wasionipenda wananiita Mama Mashaka. Waniite tu, mdomo ni mali yao. Nanunua vitu vya kale na kuviuza: vigoda, vibuyu vya maziwa, shanga za mabibi, mikuki isiyo na kazi tena. Wateja wangu wengi ni wageni wa zile kambi za watalii kule Natta. Babu yangu alitoka Pangani na cherehani yake, akaoa huku, na mimi nimezaliwa hapahapa, ingawa Kikurya changu mpaka leo wananicheka.

Mashaka hayo sikuzaliwa nayo. Mwaka wa kwanza wa biashara niliuziwa kibuyu "cha miaka mia moja". Kumbe kilining'inizwa juu ya moshi wa jiko wiki mbili tu! Nikacheka, nikasema hiyo ni ada ya shule. Mwaka wa pili kijana akaniletea kigoda kizuri, kimeng'aa kwa kukaliwa, akasema baba yake amefariki. Nikanunua bila swali. Siku ya tatu huyo "marehemu" akasimama mlangoni kwangu na fimbo mkononi, na askari nyuma yake. Nilikaa mahabusu siku mbili. Aliyekuja kunidhamini hakuwa ndugu yangu. Alikuwa Mseti, fundi baiskeli wa kibanda cha jirani, mtu ambaye hata chai tulikuwa hatujawahi kunywa pamoja.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku hiyo simfuati muuzaji kwake, wala haji kwangu. Tunakutana mchana kweupe, ofisi ya mtendaji, watu wakiona. Hela haitoki kabla mkono wangu haujashika kitu, na anayeniambia "tuma ya nauli kwanza" namjibu aje kwa miguu. Nina karatasi yangu: jina la muuzaji, mwana wa nani, anatoka kijiji gani, kitu amekipataje, bei, na sahihi ya shahidi. Halafu nina dawa moja niliyofundishwa na yule mzee wa fimbo siku tulipopatanishwa. Kwa wazee wa huku, mtoto wa kiume hakalii kigoda cha baba yake wakati baba yu hai. Mjukuu anaweza kurukaruka juu yake, hakuna neno, lakini mtoto wa kumzaa, hapana. Basi muuzaji akifika, namsogezea kigoda hichohicho, namwambia, "Umechoka baba, kaa." Akikaa, tunaongea. Akisita, najua baba yuko nyumbani anatafuta pa kukaa. Nimewanasa watatu kwa njia hiyo.

Sasa huyu Mseti. Baba yake, Mzee Nchagwa wa Machochwe, kigoda chake kilipotea miaka sita iliyopita. Mzee mwenyewe alisema kimeibwa, akanyamaza. Tangu hapo anakaa chini, juu ya ngozi ya ng'ombe. Walimnunulia viti vya plastiki, wakamchongea kigoda kipya, akakataa vyote. Na baraka ya mwisho kwa watoto, mzee wa pale huitoa akiwa amekaa kwenye kigoda chake. Mwaka huu mzee akaanza kuugua. Mseti alimshuku mdogo wake, Method, anayependa pombe. Wamefika mahali hawasalimiani hata msibani.

"Mama Yassini," aliniambia, spana mkononi, machozi yamejaa, "baba akifa hajanibariki, mimi nitakuwa mtu gani?"

Niliona zamu yangu ya kulipa ule wema imefika. Mseti alikuwa na picha ya zamani ya baba yake amekaa kwenye kigoda hicho, tukaamua kuitupia kwenye kundi la wasapu la wauza vitu. Akaanza kuandika alama zote. Nikamnyang'anya simu.

"Una wazimu? Ukizitaja zote, wiki ijayo utaletewa vigoda kumi vyenye alama hizohizo!"

Tukataja mguu mmoja uliofungwa waya, basi. Alama ya pili tukaificha: chini ya kikalio kuna tundu dogo limezibwa kwa nta, na ndani ya nta kuna ushanga mwekundu. Nilipogeuka kumhudumia mteja, Mseti akaongeza maneno yake mwenyewe: "Mzee wetu anakaa chini."

Siku ya nne ukaja ujumbe kutoka namba nisiyoijua. "Ninacho. Nitakileta." Nikauliza bei. "Tutaonana." Nikamtega, nikamwambia nitume nauli? "Ninayo." Nikamwambie nani hayo! Mwizi ana bei, tapeli ana haraka. Huyu hana bei, hana haraka, hana maneno. Usingizi uliniruka. Nikamwambia Mseti, "Huyu ana jambo. Usije ukamwamini hata akikuapia."

Tulikutana Natta, ofisini kwa Agustina, mtendaji wa kata, mwanamke asiye na mchezo. Mtu wetu alishuka kwenye bodaboda saa sita mchana. Umri wake kama miaka thelathini na tano, vumbi mpaka kwenye kope, amepakata kitu kilichofungwa kwa kanga safi. Alipokifungua, Mseti aliinuka.

"Kaa wewe, bado," nikamwambia. Nikakipindua kigoda. Nta ilikuwepo. Nikachokoa kwa sindano, ushanga mwekundu ukaangukia kiganjani. Mseti akajifunika uso. Kigoda kilikuwa chenyewe, hakuna ubishi.

Nikaomba kitambulisho. Sylvester Boke, wa Nyangoto. Boke! Hilo ni jina la mwanamke, hata mimi mgeni wa Kikurya najua. Nikampa karatasi ajaze. Akajaza vizuri, mwandiko wa mtu aliyesoma, ila mahali pa "mwana wa" akaparuka. Mahali pa bei pia.

"Jaza hapa," nikasema.

"Hapo sina cha kuandika, mama."

"Mtu asiye na baba mimi sifanyi naye biashara!"

Agustina alinitazama vibaya. Yule mtu alianza kuikunja kanga yake polepole, pindo juu ya pindo. "Sikuja kuuza," akasema. "Chukueni tu."

Hapo ndipo damu ilinichemka. Nani anatoka Nyangoto mpaka Natta kugawa mali ya wizi? Nikamsukumia kigoda. "Basi umechoka baba, kaa."

"Asante mama. Nitasimama."

"Kaa nakwambia!"

"Siwezi."

"Haya!" nikapiga kofi mezani. "Mseti, kikulacho ki nguoni mwako! Huyu ni mtoto wa baba yako, ndiye mwizi wenu!"

Mseti alimkazia macho mtu yule. "Sisi kwa baba tuko wanne," akasema. "Wote nawajua. Huyu simjui."

Mimi mwenyewe nilisikia maneno yangu yakinirudia. Kigoda ni cha Mzee Nchagwa, ushanga umethibitisha. Na mtu huyu hawezi kukikalia. Walikuwa wamesimama wawili, huyu upande huu na yule upande ule, kigoda katikati, hakuna anayethubutu kukikalia.

Sylvester akaongea akiangalia chini. "Mama yangu Boke alifariki miaka sita iliyopita. Siku ya mazishi mzee mmoja alikuja na pikipiki, akasimama mbali na watu. Akaniita pembeni, akasema, 'Jina langu siwezi kukupa, nyumba yangu itavunjika. Chukua hiki.' Juzi picha ikanifikia kwa wasapu, nikamtambua, nikasoma kwamba anakaa chini. Nikaona nikirudishe."

"Mwongo!" Mseti alifoka. Akatoa simu, akampigia baba yake, akaweka sauti kubwa ili wote tusikie. "Tata, kigoda kimepatikana."

Mzee akauliza, "Kimeletwa na nani?"

"Mtu anaitwa Sylvester. Anasema ulimpa wewe. Sema alikiiba, tata. Sema tu, kituo cha polisi kiko hapo mbele."

Tulimsikia akihema. "Amekikalia?"

Mseti akamtazama Sylvester, na Sylvester akatikisa kichwa.

"Anasema hapana. Hata siku moja."

Mzee akaanza kulia. Mungu wangu, sijawahi kusikia mzee wa Kikurya akilia, na sitaki kusikia tena. "Mwizi ni mimi, Mseti," akasema. "Njoo naye."

Simu ikakatika. Mseti alibaki ameishika mkononi. "Na Method?" akasema, hakuna aliyemuuliza. "Miaka sita nimemwita Method mwizi." Akanigeukia kwa hasira kana kwamba mimi ndiye niliyeyafanya yote hayo. Nilistahili kidogo. Nikamwambia Sylvester, "Baba, nisamehe mdomo wangu." Akasema yamekwisha, lakini hakuniangalia.

Nilidhani Mseti atatoka nje aende zake. Akaivuta karatasi yangu, akachukua kalamu kwa ile mikono yake ya grisi, na mahali pa "mwana wa" akaandika NCHAGWA, akikandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Mahali pa bei pakabaki wazi. Agustina akatia sahihi ya shahidi bila kuuliza neno.

Nje bodaboda zilikuwa zinangoja. Niliinama nimkabidhi Mseti kigoda, maana ndicho kilichotuleta. Hakukipokea. Akamwonyesha Sylvester kwa kidevu.

"Mpe yeye," akasema. "Ndiye aliyepewa."