Jiwe, Tulia na Karata za Mafuriko

Alhamisi karata mpya ziliposhuka kwenye simu, wa kwanza kupiga yowe alikuwa Dorah, muuza vocha na chaja ambaye meza yake imepakana na mashine ya karanga ya Anjeline Atai, katika soko la Busia upande wa Uganda.

"Mama Alaso! Hii watu imeharibu mchezo! Ngome yangu yote imejaa maji!"

"Yako peke yako?" Atai alimuuliza bila kuinua macho. "Wamekuchagua wewe katika dunia nzima?"

"Wewe cheka tu. Ngoja ifike kwako."

Mchezo unaitwa Ngome Tisa. Ni karata za kwenye simu: kila upande una ngome tisa za kulinda na karata za kubomolea ngome za wapinzani. Seti mpya, waliyoipa jina la Mafuriko, ilileta maji. Ngome moja ikimwagiwa maji, zamu inayofuata yanahamia ya jirani, kisha ya jirani tena, mpaka mwenyewe afungue lango moja ayaachie yatoke. Na mwenye kufungua lango amejiacha wazi.

Kundi la WhatsApp la wachezaji wa mpakani, lenye watu wa Busia zote mbili na wa Tororo, lilichemka tangu asubuhi. Okochi, muuza viatu vya mitumba upande wa Kenya, aliandika kwa uchungu: "Wasee, mwaka mzima nakusanya karata za moto, leo zinazimwa na ndoo ya maji? Huu ni ukora." Mwingine alisema picha za mito ni nzuri mno, hata akipigwa anapigwa akitazama. Wa tatu akajibu kwamba karata hizo zimekunywa bando lake lote kabla hajaona hata tone.

Atai alisoma yote na hakuandika kitu. Alikuwa anachambua karanga zilizokaangwa, akitoa zilizoungua, kwa kuwa moja chungu huharibu sinia zima. Vidole vyake vina mafuta mchana kutwa. Simu huigusa kwa kidole cha mwisho tu, kile kidogo, ambacho hukiweka kikavu kwa ajili hiyo. Ana miaka arobaini na minane. Karata alijifunza kijijini Dabani kwa kaka zake walipokuwa wakichunga, ambao walimruhusu kucheza pale tu mmoja wao alipokosekana. Mume wake, Olupot, karata hazijui wala hazitaki. Katika Ngome Tisa Atai hakosi nafasi. Humo jina lake ni Jiwe, na zaidi ya Dorah hakuna anayejua kwamba Jiwe ni mwanamke mwenye binti aliyeolewa.

Tena alikuwa na mwenza. Mchezo unaruhusu watu wawili kushika upande mmoja na kugawana ngome zake, na kwa miezi mingi Jiwe alikuwa ameungana na mtu anayejiita Tulia. Hawakuwahi kuzungumza. Mchezo ulikuwa na picha sita tu za kutumiana: jua, ngumi, kikombe, kobe, mvua na punda. Punda hutumiwa mwenza aliyefanya upuuzi. Jiwe na Tulia walitumiana punda kwa wingi na kwa furaha. Hata hivyo walielewana kwa namna ambayo Atai hakuwahi kuelewana na mtu mwingine mchezoni. Tulia akianza kwa karata ndogo, Atai alijua kubwa imefichwa. Atai akichelewa kidogo, Tulia alijua asubiri.

Jumamosi kundi lilikuwa limepanga mashindano ya Busia kwa Busia, wawili kwa wawili, kwa kutumia seti mpya. Okochi na mwenza wake Okiror walikuwa wameshaanza kutamba kwamba Jiwe atazama mapema, maana jiwe halijui kuogelea.

Ijumaa mchana, soko likiwa limepoa, Atai alizima mashine ili wafanye mazoezi. Alichokuwa hajakisoma ni kwamba Mafuriko imeleta pia sauti, na sauti hujiwasha yenyewe.

"Jiwe!" simu ilisema kwa sauti ya mwanamume, nzito na ya taratibu. "Leo nakusikia unapumua. Wewe punda mzee, mbona umelaza karata ya moto kwenye maji?"

Atai alicheka kwa sauti. Alifungua kinywa ajibu kwa tusi linalolingana na hilo, na hapo nyuma ya yule mwanamume akasikia mwanamke akiita: "Baba Apendi! Uji unapoa, na hiyo simu nitaitupa chooni!"

Hakuhitaji kufikiri. Ile ilikuwa sauti ya Alaso, kifungua mimba wake, aliyeolewa Nabuyoga. Na Baba Apendi ni Owori, fundi wa baiskeli, mkwe wake.

Simu ilianguka kwenye sinia la karanga.

Kwa Wateso wa Dabani na Wapadhola wa Nabuyoga jambo hili halina tofauti. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawashikani mikono, hawali chungu kimoja, hawatazamani usoni, na kutaniana ndiyo kabisa. Owori alipokuja kuoa, aliongea msemaji wake. Yeye alikaa nyumba nyingine ameinamisha kichwa. Krismasi moja walikaribia kukutana kwenye kijia cha kanisa, na Owori, akiwa ndani ya suti, aliruka ua wa manyara ili ampishe. Atai anaujua mgongo wa mkwe wake kuliko uso wake. Sauti yake ndiyo kwanza aisikie vizuri siku ile, na ilikuwa ikimwita punda mzee.

Aliufunga mchezo. Jioni Tulia alituma mwaliko, akatuma tena, akatuma jua na alama ya kobe. Atai hakujibu. Kundini Okochi aliuliza kama Jiwe ameshafika chini ya mto.

Kilichomsumbua haikuwa aibu tu. Aibu ya namna hii watu huicheka mwishowe. Lakini mwenza kama yule hakuwa na mwingine. Alijaribu kucheza na Dorah, na Dorah akafungua malango yote kwa mpigo.

"Si umesema nifungue?"

"Moja, Dorah. Moja!"

Akampigia binti yake.

"Alaso, mumeo anacheza karata kwenye simu?"

"Kucheza? Mama, mimi ni mke wa pili. Wa kwanza ni Jiwe."

"Jiwe ndiye nani?"

"Mzee mmoja. Owori anasema lazima awe dereva wa lori aliyestaafu, wa Malaba huko, kwa vile ana subira na ana dharau. Anamsifu! Mimi sijawahi kusifiwa hivyo hata siku ya harusi."

"Jiwe ni mimi."

Alaso alicheka mpaka akakohoa, akaweka simu chini, akaishika tena. "Punda!" alisema. "Mama, wale punda wote!"

"Usinikumbushe. Mwambie taratibu, asije akaanguka."

Owori hakuanguka. Alaso alisimulia baadaye kwamba aliiweka simu ndani ya ghala la mahindi, akafunga mlango, akaenda kunyoosha rimu ambayo ilikuwa imenyooka tayari. Jumamosi asubuhi alileta neno lake, kwa mdomo wa mke wake kama inavyopasa.

"Anaomba radhi kwa kila punda. Anasema sauti ina mahali pa kuizima, ameshapaona. Ukiona inafaa, mtaendelea. Ukiona haifai, atautoa mchezo kwenye simu yake, wewe ubaki nao, kwa sababu wewe ndiye mkubwa."

Atai aliwasha mashine, akasaga karanga za mteja, akafikiri. Mwaka aliooa, Owori alikuja Dabani na rafiki zake kumlimia mama mkwe wake shamba la mihogo, kama wakwe wafanyavyo. Atai alibaki jikoni mpaka walipoondoka. Jioni alitoka, akaitembelea mistari ya matuta, na kwa kuitazama tu akajua binti yake ameolewa na mtu wa namna gani. Hakuna aliyesema siku hiyo kwamba wamekoseana heshima. Mkwe anaruhusiwa kufanya kazi na mama mkwe wake. Anachokatazwa ni kumzoea.

Alimpigia Alaso. "Mwambie azime sauti. Na punda tumwache. Saa tisa asichelewe."

Saa tisa Dorah alisogeza kiti atazame. Upande wa wapinzani sauti zilikuwa wazi, na soko zima lilimsikia Okochi akimfokea Okiror: "Funga! Funga, buda! Si hiyo, ile ingine!" Upande wa Jiwe na Tulia ulikuwa kimya kama chumba cha mtihani. Wakavuka raundi ya kwanza na ya pili ya maji. Katika ya tatu mafuriko yalizivamia ngome za Atai, tatu kwa pamoja, na hakuwa na lango salama.

Tulia alilaza karata ndogo kuliko zote. Kisha akafungua lango lake mwenyewe.

"Huyo amechanganyikiwa?" Dorah aliuliza.

"Hapana," Atai alisema. "Ananipisha."

Aliyasukuma maji yote yapitie kwa mwenza wake, na kutoka pale yakamwagikia kwa Okochi, ambaye malango yake yalikuwa yamefungwa vizuri kwa amri yake mwenyewe. Moto wake wote ukazimika, mchezo ukawa wa Jiwe na Tulia. Karanga zilisahaulika kwenye sufuria. Dorah alikuwa anaruka.

"Hawa si watu," Okochi aliandika kundini. "Hawaongei, hawatusi. Jiwe, Tulia, washeni sauti basi, mtoe hotuba!"

Hakuna aliyewasha. Atai alijifuta mikono kwenye kanga, akampigia binti yake.

"Mwambie mumeo amecheza vizuri. Lakini lile lango alilifungua mapema. Angengoja zamu moja."

Alaso alipeleka neno. Sauti nzito ilisikika kwa mbali, ya taratibu, kutoka uani.

"Anasema kwa heshima zote, mama, angengoja ungekuwa umezama."

"Mwambie nisingezama. Nilikuwa na karata ya daraja mkononi, ya kuvukia maji."

"Anauliza, daraja hilo ulikuwa unamwekea nani?"

"Mwambie..."

"Mama," Alaso alisema, "nina unga mikononi mpaka kwenye viwiko. Nipeni nusu saa nisonge ugali, halafu nitarudi niwagombanishe."

"Haya," Atai alisema, akavuta kiti kivulini kumsubiri.